Nafasi ya Kuzika Ipo, ya Kuzuru Haipo

Hakuna fahari inayovikwa vazi la unyonge kama ile iliyomo katika kauli hii: "Sina nafasi." Huisema daktari, huisema mwalimu mkuu, huisema mhasibu na mhandisi, na kila mmoja huitamka kwa sauti ya mtu anayelalamika, ilhali moyoni anajisifu. Kutokuwa na nafasi kumegeuka cheo. Mwenye nafasi huonekana mtu asiyehitajiwa popote, na yule ambaye kwa miaka mitano hajapata wasaa wa kuwapeleka wanawe kwa bibi yao huhesabiwa kuwa mtu mkubwa mwenye mambo makubwa. Dai la makala haya ni kwamba kauli hiyo si ya kweli. Nafasi ipo, na ushahidi wake uko makaburini.

Mtu na aitazame ofisi yoyote, wodi yoyote, shule yoyote ya nchi hii siku habari ya msiba inapoingia. Simu hulia usiku wa manane. Kabla jua halijachomoza mtu wa kushika zamu amekwishapatikana, daftari la rambirambi limekwishazunguka, gari limekwishakodiwa, na watoto wamekwishaombewa ruhusa shuleni. Mkuu wa kazi aliyeahirisha likizo ya mtu huyo mara tatu ndiye anayekuwa wa kwanza kutoa mchango. Familia nzima hujipakia garini, ikakata mikoa minne au mitano bila kulala, ikafika alfajiri nyumbani kwa wazee. Hapo wajukuu humwona bibi yao kwa mara ya kwanza, naye amekwisha kufumba macho. Hupitishwa mbele yake kumuaga mtu ambaye hawakuwahi kumwamkia. Baada ya siku chache wote wamerudi kazini, na kauli ya "sina nafasi" imerudi kinywani kama kwamba hakuna kilichotokea.

Kiswahili kina usemi wa kusifia udugu wa kweli: ndugu wa kufa na kuzikana. Waliousema zamani walimaanisha kwamba hao ni watu wanaofaana katika uhai wote hata mauti yawatenganishe. Kuzikana kulikuwa hitimisho la kutembeleana, kuuguzana, kulishana na kugombana. Siku hizi usemi umekatwa kichwa ukabakishwa mkia. Udugu wa waajiriwa wengi umebaki wa kuzikana tu.

Hata sheria imeandikwa kwa kalamu hiyohiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, ilimpa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo. Mbali na hizo ikampa siku zisizopungua 4 zenye malipo kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto wake, na kwa ajili ya kifo cha mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Asomaye kwa makini ataliona pengo. Mtoto ametajwa akiwa mgonjwa, akatajwa na akiwa maiti. Mzazi ametajwa akiwa maiti tu. Bibi naye, kwa macho ya kifungu hicho kilivyotungwa, huanza kuwapo ulimwenguni siku anayoiaga dunia. Anayetaka kumwona angali akipumua na atumie siku zake 28. Nazo siku hizo ndizo zinazoahirishwa, zinazokatwa vipandevipande, zinazogeuzwa fedha mkononi. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, lakini ugonjwa wa kutokuwa na nafasi hausimami kwenye mpaka wa bahari. Unguja na Pemba pia wapo watu ambao hawavuki maji ila kwa mazishi.

Ili hoja hii isidhaniwe kuwa ya watu wa starehe, na ipelekwe mahali ambapo kuitetea ni kugumu kuliko pengine. Mahali hapo ni Haydom, katika nyanda za juu za Mbulu, mkoani Manyara, upande wa kuelekea Hanang na Singida. Arusha iko mbali kwa kiasi cha kilomita 300, na kwa miongo mingi njia za kufika huko zilikuwa za udongo, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mji wenyewe umekua kuizunguka hospitali. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 kwa kazi ya misheni ya Kilutheri ya Norwe. Leo ni ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Mbulu, na mwaka 2010 ilipandishwa hadhi kuwa hospitali ya rufaa ya ngazi ya mkoa. Huletwa hapo mkulima wa Kiiraqw aliyevunjika mguu, mama wa Kidatoga aliyeshikwa na uchungu wa uzazi tangu juzi, Mhadzabe aliyetoka bonde la Yaeda, Mnyisanzu aliyetoka upande wa Singida. Nani basi atakayesimama mahali kama hapo na kumwambia muuguzi, "Acha wodi, wapeleke wanao safari"?

Na asimame, kwa sababu ni hapo hasa ambapo neno zuri limetumiwa kufunika jambo baya. Neno hilo ni wito. Kazi ya tiba ni wito, huambiwa wauguzi na madaktari wa kila hospitali iliyo mbali na miji, na wito hauna likizo. Watumishi wa mahali kama Haydom hutoka pande nyingi. Mwenye kwao Kilimanjaro hupita Mbulu, Karatu na Arusha ndipo aanze kuuona mlima wao. Mwenye kwao Kagera huelekea Singida, akapita Nzega na kuendelea mpaka ziwani. Huoa au huolewa na mtumishi mwenziwe, ambaye yamkini amepangiwa kazi wilaya nyingine. Watoto huzaliwa, hupelekwa shule za bweni. Juni shule zinapofungwa baba yuko zamu. Desemba zinapofungwa mama yuko zamu. Mwaka huzunguka, mtoto akafika kidato cha nne akijua majina ya dawa zilizomo kabatini mwa mamaye na asijue jina la kijiji alichozaliwa mamaye huyo. Haya si ya Haydom peke yake, wala hayasemwi kuilaumu hospitali fulani. Ndiyo hali ya kila kituo kilicho mbali, na ndiyo maana yafaa kusemwa.

Kwamba wito hauna likizo ni uzushi, na historia ya mahali penyewe inausuta. Ofisa wa Kiingereza katika Tanganyika ya ukoloni, kama mwenziwe wa Unguja, alitumikia kipindi cha miaka miwili hadi mitatu, kisha akapewa miezi kadhaa ya kurudi kwao, na nauli ya meli ikalipwa na serikali. Misheni za Ulaya nazo zilikuwa na utaratibu wa namna hiyo: baada ya miaka kadhaa ya kazi, mmisionari alirudi nyumbani pamoja na mkewe na watoto ili wajuane na jamaa zao, wasikie lugha yao, wakae mezani na wazee wao. Daktari Ole Halgrim Evjen Olsen alifika Haydom mwaka 1961, akaiongoza hospitali hiyo kwa miongo kadhaa. Baadaye mwanawe, Daktari Øystein Evjen Olsen, naye akashika uongozi wa hospitali hiyohiyo. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba watu wa namna hiyo walikosa wito. Hata hivyo, katika ulimwengu wao wa misheni, safari ya familia ya kurudi kwao haikuhesabiwa kuwa uvivu wala utoro. Ilipangwa mapema, ilitengewa fedha, na wagonjwa walitafutiwa mtu wa kuwatazama. Iweje basi sheria ya wito iwe na likizo kwa aliyetoka mbali ng'ambo ya bahari, na isiwe nayo kwa aliyetoka Rombo au Muleba? Karani na mganga msaidizi wa Kiafrika hawakufikiriwa hivyo enzi za mkoloni, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba Mwafrika popote alipo barani mwake yuko nyumbani. Dhana hiyo ilipaswa kuzikwa mwaka 1961. Bado inatembea.

Ni kweli kwamba taifa huru lilirithi sehemu ya utaratibu huo. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 ziliitambua nauli ya likizo kwa mtumishi pamoja na mwenzi na watoto wake, kila baada ya miaka miwili. Lakini nauli imekuwa jina tu la fedha. Ikitoka, hununua saruji, bati na ada ya shule, na familia ikabaki palepale ilipo. Si haki kumcheka mtu kwa hilo. Mshahara mdogo hufanya kila shilingi iwe na kazi tatu. Ila ni haki kusema kwamba fedha iliyotolewa ili watu waonane, watu wasionane, imekosa njia yake. Nyumba nzuri imesimama, na mzee aliyetarajiwa kuja kuiona amefariki.

Wapo watakaouliza kinachopotea hasa, maadamu watoto wanakula, wanasoma na wanafaulu. Jibu liko Haydom penyewe, tena kwa uwazi ambao ni nadra kupatikana pengine barani Afrika. Katika eneo hilo hukutana lugha za jamaa nne zisizo na undugu wa karibu: Kiiraqw cha jamaa ya Kikushi, Kidatoga cha jamaa ya Kinailoti, Kinyisanzu na Kinyiramba za Kibantu, na Kihadzabe chenye vidoko, ambacho wataalamu hawajampata ndugu yake. Hazina hiyo haimo katika vitabu vya shule. Imo vinywani mwa watu wazima, na wengi wao ni wazee. Wairaqw wana utungo uitwao slufay, sala yenye sifa na baraka, ambao mzee huutamka mbele ya mkutano, na mkutano humwitikia kwa pamoja kila anapofikia kituo. Wataalamu kama Maarten Mous wameurekodi na kuuandika, na ni jambo jema. Lakini kitabu huhifadhi maneno ya mzee tu. Hakiwezi kuhifadhi mwitikio. Ili slufay iwepo lazima awepo wa kuitikia, na wa kuitikia hujifunza kwa kukaa penye mkutano akiwa mdogo, akikosea, akirekebishwa kwa kutupiwa jicho. Mtoto wa Kiiraqw aliyezaliwa Dar es Salaam, ambaye baba yake ni mtu mkubwa asiye na nafasi, atafika Haydom siku ya mazishi ya babu yake. Utungo utatamkwa, na yeye atakuwa amesimama kimya kama mgeni, akitazama simu yake.

Wala hasara hiyo si ya Wairaqw peke yao. Mtoto wa Kichaga aliyekulia Haydom, mtoto wa Kihaya, mtoto wa Kipemba aliyekulia Kariakoo nyuma ya kaunta ya duka la baba yake, wote wamo. Lugha ya ukoo hairithiwi kwa damu. Majina ya udugu, nani ni shangazi na nani ni mama mdogo, nani wa kutaniwa na nani wa kuinamiwa, hayafundishiki kwa maelezo. Hujulikana kwa kuwekwa mbele ya watu wenyewe. Washairi wa visiwani hulalama kila mwaka kwamba vijana hawana tena msamiati. Watautoa wapi? Msamiati wa mnazi uko mnazini, wa ngalawa uko pwani, wa ng'ombe uko zizini, na mtoto hufikishwa huko na mzazi aliyeamua kusafiri.

Ajabu ni kwamba watu wanaoizunguka Haydom hawakupata kuyatenga maisha hivyo. Wahadzabe wanapohamisha kambi, watoto huhama nao, na kuhama huko ndiko shule yao ya kuujua mti, ndege na asali. Mfugaji wa Kidatoga alipofuata malisho, nyumba ilimfuata. Wairaqw wenyewe ni watu waliotapakaa katika karne ya 20 kutoka milima yao ya kale ya Mbulu kuelekea Karatu, Hanang na Haydom, nao hawakuhama kila mtu peke yake na begi lake. Walihama kaya kwa kaya, mbegu na mifugo pamoja. Haya hayasemwi ili kuyapaka asali maisha yao, maana yana njaa, maradhi na ugomvi wa ardhi. Yasemwa kuonyesha kwamba kumtenga mtu wa kazi na watu wake si maumbile ya kazi. Ni tabia ya ajira, na ajira imepangwa na binadamu. Kilichopangwa na binadamu, binadamu aweza kukipangua.

Wapinzani wana hoja tatu zinazostahili kujibiwa.

Ya kwanza ni ya mgonjwa: muuguzi akisafiri, mgonjwa atakufa. Hoja hii ni nzito, ila imeelekezwa kwa mtu asiyehusika. Upungufu wa waganga haukuletwa na muuguzi anayetaka kumwona mamaye, wala hautaondolewa kwa kumnyima. Muuguzi aliyechoka ndiye anayekosea kipimo cha dawa. Tena muuguzi huyohuyo akifiwa huondoka saa ileile, na wodi hushikwa. Ikiwa wodi yaweza kushikwa kwa siku tano za msiba usiotarajiwa, yaweza kushikwa vizuri zaidi kwa siku kumi na nne zilizojulikana tangu Januari. Hospitali ambayo haiwezi kusimama mtu mmoja akisafiri kwa wiki mbili haina daktari, ina mateka.

Ya pili ni ya simu. Siku hizi, husemwa, bibi huonekana kiooni, wajukuu wakampungia mkono, kila mtu akaridhika. Simu ni neema, na anayeidharau hajui upweke. Lakini bibi wa kiooni hamtumi mtu kuni. Hamwonyeshi mjukuu kaburi la babu wa babu yake, hamwonjeshi makande ya chungu chake, hamkemei kwa kukaa vibaya mbele ya wakubwa. Simu humfanya bibi kuwa picha kabla hajawa picha.

Ya tatu ni ya fedha, nayo ndiyo ya kweli kuliko zote. Nauli ya basi kwa watu sita, kwenda na kurudi, ni mzigo kwa mwenye mshahara wa kawaida. Lakini hata hapa msiba hutoa ushahidi, kwa sababu gari la kukodi, jeneza na chakula cha waombolezaji hugharimu kuliko tiketi za basi, na fedha hupatikana kwa kuchangiana. Jamii imejifunza kuchangia kifo. Imejifunza kuchangia harusi. Haijajifunza kuchangia ziara. Mwenye kamati ya harusi ya mamilioni akiombwa asaidie watoto wa ndugu yake wafike kwa bibi yao Juni, hushangaa kama aliyeombwa mkopo wa anasa.

Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Wapo watu waliounda nafasi, nayo ikaelea. Wachaga walijiundia Desemba. Mwisho wa mwaka mabasi ya Moshi hujaa, mwenye duka hufunga, mwenye cheo huaga, na hakuna anayemwuliza mwenziwe kama ana nafasi, kwa sababu desturi imekwisha kujibu. Watu wa Makunduchi walijiundia Mwaka Kogwa. Ifikapo Julai, mwana wa Makunduchi aliye mjini hutafuta njia ya kurudi kusini ya Unguja, na watoto wake hukua wakijua kwamba kuna siku moja ambayo si ya mwajiri. Waislamu wa pwani yote wana Idi, na boti za kuvuka kwenda Pemba huthibitisha. Desturi hizi hazikutokana na hisani ya mabosi. Zilitangulia, na mabosi wakalazimika kuzifuata.

Yanayodaiwa basi si makubwa. Orodha ya zamu ya mwaka na iandikwe pamoja na orodha ya likizo, siku moja, karatasi moja, ili kila mzazi mwenye watoto shuleni apate angalau mwaka mmoja kati ya miwili wiki mbili zinazoangukia Juni au Desemba. Nauli ya likizo na itolewe ikiambatana na siku za kusafiri, si badala yake. Kifungu cha siku 4 na kirekebishwe ili ugonjwa wa mzazi utajwe kabla ya kifo chake. Na wale wenye vyeo, ambao hakuna anayewazuia ila wao wenyewe, waache kuringia uchovu mbele ya vijana wanaowaiga.

Neno likizo lenyewe lina mafunzo. Limetokana na kulikiza, na mojawapo ya maana za kulikiza ni kumwachisha mtoto ziwa. Mtoto anayelikizwa hulia, hudhani amekufa njaa, hudhani ulimwengu umekwisha; kumbe ndipo anapoanza kula chakula cha watu wazima. Mtu wa kazi naye hulia hivyo akiambiwa aiache kazi kwa wiki mbili. Na aachwe alie, kisha apandishwe basi pamoja na wanawe, angali yupo huko aendako mtu wa kuwafungulia mlango.